Vitunguu Rangi ya Vanishi

Ndani ya basi, seremala alimlalamikia bibi asiyemjua aliyeketi kando yake: tangu mkewe alazwe, binti yao hamalizi maharage anayompikia.

"Vitunguu unavikaanga mpaka rangi gani?" bibi akauliza.

"Ya mbao mpya."

"Ndiyo maana! Subiri viwe kama mbao iliyopigwa vanishi, ndipo utie nyanya."

"Bibi, mtoto analia njaa!"

"Mpe karoti atafune. Kwani wewe meza unaipaka vanishi kabla ya kuipiga msasa?"

Abiria wakacheka. Seremala naye akacheka, maana juzi tu alimfokea mteja aliyekuwa na haraka hiyohiyo.

Basi likasimama hospitalini.

"Nashuka hapa. Nitamuuliza mama yake kama ni kweli."

"Usimuulize, mwanangu," bibi akasema akimpisha. "Kesho mpelekee bakuli la maharage."