Morris Mutiso Kilonzo: Mpishi Aliyelishwa kwa Mshipa

Wapendwa, aliyelala mbele yetu ni Morris Mutiso Kilonzo, baba yetu. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1965 hapa Nguni, Mwingi, mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Kilonzo Nzoka na marehemu Mama Kalekye. Jina la Morris alipewa kanisani. Hapa nyumbani wengi wenu mlimwita Mutiso tu.

Alisoma Shule ya Msingi ya Nguni hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1979. Karo ya sekondari haikupatikana, basi akawa msaidizi katika hoteli ndogo ya mjomba wake pale Mwingi mjini. Huko ndiko alikojifunza kupika, na alijifunza kwa kuunguza. Mwenyewe alisema wateja wa mwaka wa kwanza walikuwa watu wenye subira.

Mwaka 1988 aliajiriwa kuwa mpishi msaidizi katika Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Bulla Tana, Garissa. Alikwenda akidhani atakaa mwaka mmoja. Wasichana walitoka Masalani, Tarbaj, hadi Kutulo, na muhula wa kwanza wengi walirudisha sahani zikiwa hazijaguswa. Baba hakukasirika. Alimwendea jirani yake, Habibo, anayeuza maziwa ya ngamia, akamwomba amfundishe kupika anjera, chapati laini za Kisomali walizozizoea wasichana hao. Habibo alimwambia anjera zake za kwanza zingefaa kuzibia paa. Baada ya mwezi mmoja sahani zilirudi tupu. Mwaka 1999 akawa mpishi mkuu.

Tarehe 11 Desemba 1993 alifunga ndoa na mama yetu, Syombua, fundi wa kushona nguo, katika kanisa hili hili. Wakahamia Garissa pamoja, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Machi 2021 Baba alishikwa na maumivu makali ya tumbo akiwa jikoni. Alikimbizwa Nairobi. Madaktari walikuta damu imeganda katika mshipa unaopeleka damu kwenye utumbo, na karibu utumbo mwembamba wote umekufa. Wakauondoa. Alipopata nafuu, walimweleza kwamba chakula cha mdomoni hakingemsaidia tena. Angelishwa kwa mpira mwembamba ulioingia kwenye mshipa karibu na mtulinga, kutoka kwenye mfuko wa maji meupe yenye sukari, protini, mafuta, chumvi na vitamini. Kila siku, kwa muda wa saa kumi na mbili.

Daktari alitaka abaki Nairobi. Garissa kuna joto, stima inapotea, na mifuko ile lazima ikae kwenye baridi. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Daktari, hapa nalishwa tu. Kule nina kazi."

Mama alikaa hospitalini wiki sita akifundishwa kunawa, kupangusa, na kuunganisha mpira bila kugusa mahali pasipofaa kuguswa. Wauguzi walisema hawajaona mikono iliyotulia namna ile. Baada ya hapo mifuko ilisafirishwa kila wiki kwa basi, ndani ya sanduku la barafu. Stima ilipopotea, Habibo, mwenye jenereta dukani, aliiweka katika friji lake la maziwa. Aliitengea rafu nzima, na hakuruhusu mteja yeyote aisogelee.

Baba alirudi jikoni. Alionja mchuzi kwa ncha ya ulimi, akautema, akatoa amri ya chumvi. Lakini sisi wa nyumbani tulijua lililomuuma. Tukikaa mezani, alitoka nje. Akiulizwa hali, alijibu, "Mzima, ila sijala tangu Machi."

Ramadhani ya mwaka 2023, Habibo alikuja nyumbani mchana, hakutaka hata kukaa. Wateja wake walikuwa wakibishana kuhusu Baba: mtu asiyetia kitu mdomoni, je, si amefunga mwaka mzima? Akaenda kumuuliza shekhe wa mtaa.

"Walalo, ndugu yangu, mimi nimeuliza," akamwambia Baba. "Hiyo mfuko ni chakula. Mtu akiwekewa hiyo, saumu imefunguka. Wewe unakula kila siku."

Baba akamwita Mama kutoka chumbani. "Syombua, umesikia? Kumbe nakula."

Jioni ile aliketi nasi mezani, mfuko wake umening'inizwa kwenye msumari nyuma ya kiti. Hakutoka nje tena.

Alistaafu Juni 2025. Tarehe 2 Februari 2026 alipatwa na homa na kutetemeka. Vijidudu vilikuwa vimeingia kupitia ule mpira, na licha ya dawa, vilienea katika damu. Mama alijilaumu. Alisema ni yeye, lazima kuna siku hakunawa vizuri. Muuguzi alimweleza kwamba hata hospitali kubwa hupatwa na jambo hili, lakini hakufarijika. Baba alimshika mikono na kumwambia, "Hii mikono imenilisha karibu miaka mitano. Usiitukane." Kisha akatuagiza neno hilo lisomwe leo, mbele ya watu wote, ili Mama alisikie mara ya pili.

Mama, umelisikia.

Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Februari 2026, saa nne asubuhi, mikono ya Mama ikiwa ndani ya yake.

Ameacha mjane, Syombua, watoto, Abigael, Mwinzi na Kavata, wajukuu wawili, ndugu watano, na jirani yake Habibo, aliyesafiri kutoka Garissa alfajiri ya leo na ameketi pamoja na familia.

Baba, umefanya kazi yako. Pumzika sasa, Mungu akutunze.