Mshindi wa Sumu

Benchi la kahawa la Mama Astrida, njia panda ya Kahemba, halijawahi kukaliwa na mtu asiyejua kila kitu. Asubuhi hiyo Mwatshimba, aitwaye Jenerali ingawa hajashika hata manati, alikuwa akipepea karatasi ya zahanati. Yeye na wenzake wa benchi, Satelaiti na Kizibo, walitolewa damu wiki iliyopita, ili itafutwe alama inayoachwa na sumu ya muhogo, ile iliyowapata watoto wawili mtaani: walilala wazima, wakaamka hawawezi kusimama. Jenerali ana binti wa miaka saba, Kafuti. Tangu hapo humtuma dukani kila asubuhi bila sababu, ili tu aone anavyotembea. Hilo benchini hakulisema.

— Satelaiti, kumi na nne. Kizibo, ishirini. Mimi? Mia tatu na ushee! Nimeongoza darasa!

— Shuleni hukuongoza hata foleni ya chooni, Satelaiti akamchoma.

— Haba na haba hujaza kibaba, ndugu yangu. Changu kimejaa, ninyi bado mnaokoteza.

Kizibo akakohoa kitaalamu.

— Kaka Jenerali, hiyo siyo sumu, ni kinga. Nyoka akikuuma leo, tunamzika yeye.

— Na mbu? akauliza Satelaiti.

— Mbu anaandika wosia kabla hajatua!

— Basi tumkamue, wawindaji wapake mishale, akasema Satelaiti.

— Damu nzito kuliko maji, Jenerali akajigamba. Ndiyo maana sumu kwangu haishuki miguuni. Inaelea!

Muuguzi mgeni, aliyehamia juzi kutoka Kikwit, alikuwa amesimama akisubiri kahawa. Akaiomba karatasi, akaisoma.

— Papa, hizi siyo maksi. Ni sumu uliyoila. Nani mwingine anakula chungu kimoja nawe?

— Mke wangu. Na… Kafuti.

— Muhogo wenu unalala majini siku ngapi, sumu itoke?

Jenerali akamtazama Satelaiti. Satelaiti, ajuaye mpaka ugomvi wa mawaziri na wake zao, akamtazama Kizibo. Kizibo akatazama kandambili zake. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Jenerali alijua ugali unapofikia, hakujua unapotokea.

— Siku… za kutosha?

— Tatu, papa, au moja?

Jenerali akaacha kahawa nusu kikombe, akashika njia ya mtoni, ambayo asubuhi hupita wanawake peke yao. Wakamwona, wakaangua kicheko.

— Jenerali, umepotea?

— Nimepotea, mama zangu. Nionyesheni mke wangu analoweka wapi.