Risala ya Kidato cha Tatu kwa Mgeni Rasmi: Pale Tunapopotelea Hesabu

Mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Makaribisho

Karibu sana shuleni kwetu. Tumefurahi kukuona, ingawa hatukufichi, furaha yetu imefumba jicho moja tu; la pili linatazama. Tangu tutangaziwe ujio wako, mambo yamekwenda mbio kuliko kawaida. Ubao wa darasa letu umepakwa rangi, na mpaka asubuhi hii ulikuwa unanata kiganjani. Dirisha lililozibwa kwa boksi sasa lina kioo. Wenzetu wanne wamepewa maswali ya hesabu wakayazoee nyumbani, wakaambiwa wakae safu ya mbele na wanyooshe mikono haraka. Dalili ya mvua ni mawingu. Tumekaa tukaulizana: mgeni anakuja kuona nini, na ni nini asichotakiwa kukiona?

Historia yetu na hesabu

Kwa miaka miwili hesabu kwetu ilikuwa somo la kuitikia. Mwalimu wetu wa zamani alijaza ubao, akageuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Nasi tukajibu kwa sauti moja, "Ndiyo!" Aliyethubutu kusema hapana aliitwa mbele ashike chaki, na huko mbele hakuna aliyetamani kufika.

Katika darasa letu yumo msichana tunayemwita Pengine. Jina hilo tulimpa wenyewe, kwa sababu akiulizwa jibu la hesabu lazima aanze na neno hilo. "Pengine kumi na mbili, mwalimu." Tulicheka naye akacheka, lakini mwenyewe alituambia baadaye kwamba kicheko kile kilikuwa cha kujikinga. Mstari wa kwanza ubaoni aliuelewa, wa pili aliuelewa, wa tatu ukawa kama umeanguka kutoka juu bila mwenyewe. Basi alinakili tu, hati nzuri, kichwa kitupu.

Muhula uliopita akaja mwalimu mpya, mwanamke kijana, wa muda. Hakuuliza kama tumeelewa. Alisema, "Aliyepotea anifuate saa ya mapumziko, anionyeshe amepotelea wapi." Tulimtilia shaka papo hapo. Zilikuwapo tetesi kwamba wanafunzi dhaifu wataondolewa kwenye mtihani wa hesabu wa taifa ili wastani wa shule upande. Tukaona huyu katumwa kuwachambua wa kuondolewa. Tulikubaliana asiende mtu.

Pengine alikwenda. Mama yake ni muuguzi, na usiku uliotangulia, alipomsimulia, mama alimwambia, "Mwanangu, mgonjwa asiyesema panapouma atapewa dawa ya tumbo, kumbe anaumwa jino."

Mafanikio

"Umepotelea wapi?" mwalimu akamuuliza.

"Kote, mwalimu."

"Hakuna anayepotea kote. Mara ya mwisho ulikuwa unajua uko wapi?"

Wakarudi nyuma, mada kwa mada, mpaka wakafika kwenye mabano ya kidato cha kwanza. Saba toa, fungua mabano, x toa tatu, funga mabano. Pengine aliandika saba toa x toa tatu. Kumbe hapo ndipo mwiba ulipokaa miaka yote.

"Hiyo alama ya kutoa iliyosimama nje," mwalimu akasema, "ikiingia ndani haimgusi wa mlangoni peke yake. Inamgusa kila aliyemo. Tatu naye lazima ageuke."

Pengine akaandika upya: saba toa x jumlisha tatu. Kumi toa x. Akaitazama karatasi kwa mashaka, kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo. Ila kila hesabu uliyokosa tangu hapo ilijengwa juu yake."

Sisi tulimwona akitoka huku anatabasamu, tukanong'onezana kwamba tayari amenunuliwa. Wiki nzima tulikatiza maneno akikaribia. Lakini hakukatwa mtu, wala halikutajwa jina la mtu. Mmoja akamfuata, kisha wa pili, mwisho wakawa kundi la kukaa darasani jioni. Sharti lao lilikuwa moja: hakuna ruhusa ya kusema "hii mbona rahisi." Aliyekwama alitia alama pale alipokwamia, na wenzake walianzia hapo, siyo mwanzo wala mwisho. Mtihani wa katikati ya muhula, Pengine aliyezoea tisa alipata arobaini na moja.

Changamoto

Mwalimu wa taaluma alimwita ofisini. "Tisa mpaka arobaini na moja? Nani alikuonyesha?"

"Nimejifunza, mwalimu."

"Kaa hapo ufanye mwingine. Tuone."

Alifanya mtihani mwingine, walimu watatu wamesimama nyuma ya bega lake. Swali la kwanza aliliharibu, akafuta, akaomba, "Naomba niende taratibu." Alipata thelathini na nane. Hakuna aliyempongeza. Aliambiwa, "Haya, tutaona."

Jana, baada ya mstari wa jioni, mwalimu wa taaluma aliwataja wanafunzi saba. Wote ni wa lile kundi la jioni. Wakaambiwa kwamba leo hawatakaa darasani, kwa sababu mgeni hupenda maswali ya papo kwa papo.

Pengine alisema, "Mwalimu, akituuliza tutajibu."

"Hicho ndicho ninachokiogopa," akajibiwa.

Na mwalimu wetu wa muda, aliyesimama pale akajaribu kuwatetea, leo kapangiwa kusimamia jiko. Utaonja chai yake, mgeni rasmi, lakini hutatambulishwa kwake.

Maombi

Risala iliyopitishwa ilikuwa ya ukurasa mmoja na ilisema hatuna tatizo isipokuwa uhaba wa viti. Siyo hii. Aliyesimama kuisoma hii aliangukiwa na kura, hakujitolea. Akiitwa ofisini kesho, itafaa darasa zima liitwe.

Hatujui umekuja kwa nia gani, na utuwie radhi kwa kusema hivyo mbele yako. Vitabu na viti tunavihitaji, lakini leo tunaviacha. Tunaomba tetesi zile zisiwe kweli: saba wale wasajiliwe kufanya mtihani wa hesabu wa taifa kama sisi wengine, na mwalimu wa muda abaki.

Jambo la mwisho. Ukitoka hapa utapitishwa maabara, kisha utapelekwa kunywa chai. Ukiuliza kuhusu maktaba utaambiwa inakarabatiwa. Haikarabatiwi. Tunakuomba uombe ufunguo, usimame pale mlangoni mpaka huo ufunguo uletwe, na uwaulize waliomo swali lolote la hesabu unalolipenda. Wakikosa, tutakubali. Wakipata, utajua kwamba hawakufungiwa kwa kutojua hesabu.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, safari njema ya kurudi, na macho ya kuona hata pasipopakwa rangi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Kidato cha Tatu:
tulio mbele yako, na saba walio nyuma ya mlango.