Ambroise Kasereka na Viti vya Siku ya Makabidhiano

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Mzee Ambroise Kasereka atavua aproni yake katika Karakana ya Baiskeli ya Mlimani, hapa Nsambya, baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Hakuna fundi mwingine aliyekaa nasi muda mrefu kiasi hicho. Msimamizi wetu, Bi Lanyero, ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, kwa kuwa mimi, Okidi Faustino, ndiye niliyemwajiri na niliyekuwa mkubwa wake kwa miaka mingi. "Mzee, utuchekeshe kidogo," aliniambia kwa simu. "Na usisahau kile kisa cha kiti." Kisa hicho nitakisimulia. Ila sidhani kama kitachekesha.

Kasereka alizaliwa Butembo, huko Kongo, akajifunza ufundi kwa mjomba wake. Alikuja Kampala na mkewe wakikimbia vita. Siku alipofika kuomba kazi nilimuuliza anajua nini. Badala ya kunijibu alinitazama miguu, kisha akasema, "Shefu, ile kinga yako inakuumiza goti." Kinga ndiyo baiskeli kwa watu wa kwao. Nikamwambia goti linaniuma kwa sababu ya uzee. "Na lile lingine," akauliza, "halijazeeka?" Wote waliokuwa pale walicheka, nami nikamwajiri.

Wengi mnamfahamu kwa mdomo wake. Hamwiti mtu kwa jina kabla hajamwita kwa maumbile: wewe miguu mirefu, wewe kiwiliwili cha padri, wewe mikono ya kuchumia maembe. Kanisani hukaa nyuma, na mkewe amelalamika mara nyingi kwamba watu wakipiga magoti yeye anapima mapaja. Si mtu wa kukubali kosa upesi. Kwa miaka kadhaa alikataa baiskeli za gia, akidai kwamba gia ni uvivu uliofungwa kwa nati. Aliacha kusema hivyo siku aliyosukuma baiskeli yake kutoka bondeni hadi karakana na begi la spana mgongoni, huku mwanafunzi mmoja wa chuo cha Kyambogo akimpita taratibu, ameketi, anakula karanga. Juma lililofuata tulimkuta Kasereka anafunga gia, na akatutazama kama mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akizipigania.

Lakini katika jambo la kumpima mtu na baiskeli yake, alitufundisha sote. Watu huchagua baiskeli kama wanavyochagua shati, kwa rangi. Kasereka huanza na fremu. Simama ukiwa umeiweka baiskeli katikati ya miguu. Kama huwezi kupitisha kiganja kati ya bomba la juu na mwili wako, hiyo ni ya mtu mwingine. Kisha kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinamia upande. Ukianza safari utakanyaga kwa ile sehemu pana ya mbele ya wayo, na goti litabaki limekunjwa kidogo, ndivyo linavyotaka. Kiti kilicho chini mno huyamaliza magoti polepole. Kilicho juu mno humyumbisha mpandaji, na akisimama ghafla mguu hautafika chini. Kwa mtu anayejifunza, au anayebeba mzigo kwenye keria, Kasereka hushusha kiti kidogo zaidi hata kama mapaja yatachoka. "Ardhi njo breki ya mwisho," husema kwa Kiswahili cha kwao, yaani ardhi ndiyo breki ya mwisho.

Mengine mnayajua, ingawa hamyafanyi. Viwiko vilegee, mtu aliyenyoosha mikono kama anasukuma mlango atashuka na maumivu ya shingo. Bonyeza tairi kwa kidole gumba kama unavyojaribu parachichi: linalokubali kidole ni la kula, si la kupanda. Cheni hutiwa matone machache ya mafuta safi kisha hufutwa kwa kitambaa. Mafuta machafu ya injini yana unga wa chuma unaolisaga kila jino. Mvua ikikatika, futa rimu kabla ya kuteremka, maana breki zikilowa husikia amri kwa kuchelewa. Leo hakuna mhudumu wa afya wala tarishi anayetoka kwenye lango letu kabla Kasereka hajamkalisha kwenye baiskeli yake na kuzunguka naye uwanja. Huo ndio urithi anaotuachia.

Kulikuwa na miaka sita ambayo hakuruhusiwa kuifanya kazi hiyo. Hapo ndipo kinapoingia kile kisa.

Mimi nilikulia katika nyumba za polisi, nikawa polisi, na nilipostaafu nikapewa karakana hii niisimamie. Nilichokijua ni gwaride. Siku ya makabidhiano, baiskeli mpya zikitolewa rasmi mbele ya wageni, tulizipanga mstari mmoja, kengele zote zikitazama upande mmoja, kisha nikavutisha uzi kutoka mwanzo hadi mwisho ili kila kiti kiuguse. Desturi hiyo haikumdhuru mtu, kwa kuwa baiskeli zilikuwa bado hazina wenyewe. Kasereka aliwapima wapandaji siku zilizofuata. Mwaka wa kisa hiki Kasereka aliomba wahudumu wa afya wa Kawempe waje mapema, awapime, ili waondoke nazo siku hiyo hiyo. Nikakubali. Kila baiskeli aliifungia kipande cha kitenge kwenye usukani, ili mwenyewe aitambue.

Asubuhi ya makabidhiano nilikuta viti vimepanda na kushuka.

"Kasereka, hivi ni viti au meno ya bibi?" nilimuuliza, na mafundi wakacheka.

"Shefu, kila kiti iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Weka laini."

"Ule mama mufupi wa Kawempe, miguu haitafika."

"Tutashusha baadaye."

"Baadaye gani, shefu? Wanaenda nazo leo."

"Wewe Mkongo," nilimwambia mbele ya wote, "ulivuka mpaka kuja kunifundisha gwaride?"

Akachukua spana. Viti vikapanda vyote kwenye uzi.

Hotuba zilikuwa ndefu. Wingu lilipotanda, wageni walitaka kuwaona wahudumu wakiondoka kwa msafara kabla ya mvua. Nilimwona Kasereka akipita nyuma ya viti vya wageni, ana spana mkononi, anaielekea baiskeli ya yule mama. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Nilimkatalia kwa kumnyooshea fimbo yangu ya gwaride, namna tunavyomkatalia askari anayetaka kutoka kwenye mstari. Akarudi.

Yule mama aliitwa Jalia, mjane wa askari. Chini ya mteremko gari lilisimama ghafla mbele yake. Alishika breki vizuri, baiskeli ikasimama, mguu wake ukatafuta ardhi na haukuipata. Aliangukia kiwiko cha kushoto kwenye ukingo wa mtaro. Mkono huo haujanyooka tena mpaka leo.

Kamati ilipokutana iliuliza ni nani aliyepima viti. Nikajibu, "Fundi wa viti ni Kasereka." Kila neno katika jibu hilo lilikuwa la kweli. Yeye alikuwa amesimama pembeni yangu. Alinitazama mara moja, akatazama sakafu. Alikuwa mkimbizi, na neno la msimamizi lilikuwa paa juu ya watoto wake. Mimi nilijua hilo kabla sijafungua kinywa, na ndiyo sababu nilikifungua. Aliondolewa kwenye upimaji, akapelekwa chumba cha nyuma kuziba pancha.

Hapo ndipo ulipozaliwa ule utani mnaoupenda. Kiti kikiwa juu kupita kiasi, mafundi husema, "Hiki ni kiti cha Kasereka." Wapo vijana hapa wanaodhani hilo ndilo jina lake katika ufundi. Nami niliusema. Niliusema hata kwenye sherehe ya kuniaga mimi, kipaza sauti mkononi, na Kasereka aliyekuwa akigawa soda alicheka pamoja na wengine, kwa adabu. Kicheko chake kile ninakisikia zaidi kuliko dawa ninazonywa. Bi Lanyero alipochukua nafasi yangu ndipo alipomrudisha uwanjani, bila kuuliza ya zamani, kwa sababu tu alimwona anavyofanya kazi.

Ninaumwa, na madaktari wamekuwa wapole kwangu, jambo ambalo kwa umri wangu lina maana moja. Bi Lanyero aliponiomba wasifu huu nilikwenda kwanza kwa Kasereka. Nilimkuta ananyoosha gurudumu. Nikamwambia nataka kuandika ukweli, na kwamba namwomba msamaha. Hakuacha kazi yake.

"Jalia umemwambia?"

"Bado."

"Basi haujaanza, shefu," akasema, akakaza spoki nyingine.

Binti yangu alinipeleka Kawempe. Jalia anauza maharage makavu mbele ya nyumba yake. Alifurahi kuniona, akaniwekea kiti kivulini, akaita, "Afande amekuja!" kama mtu aliyepata mgeni wa heshima. Nilimweleza yote kabla chai haijaletwa. Alitia mkono wake mzima ndani ya gunia la maharage.

"Ulikuja hospitali na machungwa," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nalaani yule Mkongo, na wewe unanimenyea."

"Ndiyo, mama."

"Na uliitikia! Nilisema Mungu amvunje kama alivyonivunja, na wewe, afande, uliitikia amina."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Ni kweli, niliitikia.

Aliniambia niende nikakae kwenye gari, apumue. Nikaenda. Alipokuja dirishani hakuzungumzia msamaha. Alisema, "Yule mtu nikimwona sokoni navuka barabara. Yeye ananisalimu tu. Miaka yote hii ananisalimu. Alikuwa ananisalimu kwa nini?" Kisha akauliza sherehe ni lini.

Msamaha sijaupata kwa yeyote kati yao, na jarida la wafanyakazi si mahali pa kuudai. Ninachoomba ni kwa ninyi mnaosoma: utani ule uishe. Kiti kilichomwangusha Jalia kiliwekwa kwa amri ya Okidi, kikaachwa juu kwa fimbo ya Okidi, na mtu pekee aliyejaribu kukishusha alikuwa Ambroise Kasereka. Atakayemfundisha fundi mpya kazi ya kupima amwambie hivyo. Nimemwomba Bi Lanyero ukurasa huu usomwe kwa sauti siku ya sherehe, kabla ya chakula. Kasereka amekubali kwa sharti moja, kwamba usiwe mrefu, watu watakuwa na njaa. Naona hata hilo nimelivunja.

Mzee Kasereka, karakana hii inakushukuru kwa magoti yote uliyoyaokoa, na kwa migongo ya watu wasiojua kamwe kwamba ulikuwapo. Upumzike na mama watoto, ulale mchana bila kuitwa, na kila anayekuja kwako aje kwa heri. Jalia atakuwepo siku hiyo. Ananiambia anataka kukupa mikono yote miwili. Ule wa kushoto haufiki mbali. Itakubidi umsogelee.