Ndiyo Nini? Tunamkumbuka Wakili Loisi wa Tunduma

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka wakili Loisi, tuliyemzika jana kule Ibaba. Nimeombwa niongee kwa upole. Nitajaribu.

Loisi alizaliwa Ibaba, binti wa mama Tupokigwe, mkulima wa kahawa. Akiwa msichana alimsindikiza mama yake kwenye baraza la kesi za ardhi. Wakili mmoja, jina lake silitaji, asije akanichafulia kipaza sauti, alidai ameuziwa shamba lao. Akamwuliza mama: "Wewe hukuniuzia shamba hili?" Mama akajibu: "Ndiyo." Wasikilizaji, huku kwetu sote tunajua maana yake: ndiyo, sikukuuzia. Yule bwana akageuka: "Mmesikia wenyewe, amekiri!" Ikaandikwa kwamba ameuza. Shamba likaenda. Kwa neno moja, shamba likaenda.

"Dada hakulia," anasema Asajile, mdogo wake. "Alisema tu, nitasoma sheria, na huyu mtu nitamrudia."

Akasoma. Akawa wakili hapa Tunduma. Kila likizo wanafunzi wa sheria walijaa sebuleni kwake, malori yakinguruma nje, wakijifunza kuhoji mashahidi. Shahidi ni Loisi mwenyewe, mbishi kuliko punda. "Ndiyo," anajibu. Mwanafunzi akiridhika tu, anarushiwa kandambili. "Ndiyo nini? Muulize, ndiyo nini! Unataka kumdhulumu mama wa mtu?"

Tumpale, ambaye leo ni wakili, anakumbuka: "Nililia pale kwenye kochi. Lakini mahakamani sijawahi kutetemeka."

Basi, Loisi akaomba, na mahakama ikaruhusu kesi ya shamba isikilizwe upya. Tumpale akasimama upande wa familia. Yule bwana, mzee sasa na uwakili alishauacha, akatafuta wa kumtetea mji mzima. Wapi! Kila mlango aliobisha, wakili wa humo alishapita sebuleni kwa Loisi. Wote wakamkataa. Mimi nilisema safi sana, akome!

Loisi akamwita Shadrack, kijana aliyemnoa kuliko wote.

"Kamtetee yule mzee."

"Mama, huyu huyu?"

"Huyu huyu. Mtetee kwa nguvu zako zote. Nataka ashindwe akiwa na wakili mzuri, akose pa kusingizia."

Shadrack hakufanya mzaha, alimtetea kweli. Lakini Tumpale alimsimamisha mzee kizimbani, akamwuliza bei, akamwuliza mashahidi wa mauziano. Akataja bei mbili tofauti, na shahidi hakumtaja hata mmoja. Shamba likarudi. Loisi alichuma kahawa ya mama yake msimu mmoja, kisha figo zikamshinda.

Asajile na ukoo mzima, poleni sana. Poleni na ninyi mliofundwa pale sebuleni. Sisi tuliobaki tujiulize: ni mama wa nani tulimziba mdomo, tukajipongeza kwamba tumeshinda?

Na wewe mzee, najua redio yako iko wazi. Usimlaumu Shadrack. Wakili ulikuwa naye, tena mzuri. Umeangushwa na uongo wako mwenyewe, na sasa huna wa kumsingizia.

Jioni njema kwa wengine wote.