Kidole Kwenye Mstari: Pastory Nyamburi, Mpiga Chapa wa Mukendo

Ndugu, majirani na waumini, tunayemzika leo alizaliwa hapa Butiama tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa pili wa Mzee Nyamburi Wandiba na Mama Marieta. Alizaliwa kwa miezi saba. Mama yake alikuwa akisema hiyo ndiyo haraka pekee Pastory aliyowahi kuwa nayo.

Alisoma shule ya misheni, akamaliza darasa la nane mwaka 1955. Kisha akafundishwa kupiga chapa pale pale misheni, vibonye vikiwa vimefunikwa kitambaa, ili macho yakae kwenye rasimu na vidole vitafute njia vyenyewe. Alijifunza vizuri mno. Mpaka uzeeni hakuweza kuchapa huku akiangalia kitu kingine.

Tarehe 3 Julai 1961 aliajiriwa na chama kimoja cha ushirika wa pamba, ofisi yao ikiwa Mukendo, Musoma. Huko alikuta desturi ambayo leo haipo: barua haikuondoka mezani kabla ya watu wawili kusomeana. Mmoja anasoma rasimu kwa sauti, mwingine anafuata nakala kwa kidole. Hata miaka ya themanini, utepe mpya wa wino ulipokosekana naye akasugua uliochakaa kwa masizi ya kibatari na mafuta ya pamba, herufi zilififia lakini kusomeana hakukukoma.

Alifunga ndoa na Dafroza tarehe 8 Agosti 1964, wakajenga Kigera. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mama Dafroza anasema mumewe aliamka mara nyingi kukagua komeo la mlango alilokwisha kulifunga, na yeye alimwacha akague.

Mwaka 1995 ofisi ililetewa kompyuta. Taipu za zamani zilirundikwa stoo kama vyungu vilivyovunjika, isipokuwa yake, aliyoificha chini ya meza. Binti aliyekuja na mashine hiyo, Justina, alikuwa mpole na mwepesi. Marehemu alichoogopa ni mashine. Kila alipoweka nukta, hata ya kufupisha neno tu, herufi iliyofuata ilijiinua ikawa kubwa. Aliishusha, ikapanda tena.

"Inajirekebisha yenyewe, Baba," Justina alimwambia.

"Nani kaituma?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa. Halafu nimeifundisha majina ya wafanyakazi. Meneja akiandika herufi mbili, na wewe andika hizo hizo. Jina lote linajaa lenyewe."

"Na tutasomeana lini?"

"Baba, mashine imeshasoma."

Alirudi nyumbani siku hiyo bila kula.

Agosti 1996 ulikuja wakati wa kupunguza watu. Meneja, Bwana Mayala, aliandika rasimu kwa vifupisho kama kawaida yake, na mmoja wa wanaoondoka aliandikwa kwa herufi mbili tu, E na M. Zamani Pastory angejua ni Enoka Mniko wa stoo, aliyeomba mwenyewe kuondoka akafuge. Safari hii alichapa herufi mbili, macho yake yakiwa kwenye rasimu. Mashine ilikuwa imefundishwa mwenye E na M mmoja tu: Enoka Magesa, mlinzi, baba wa watoto sita, aliyekuwa likizo kwao Kabasa, Bunda. Barua ziligongwa muhuri Ijumaa tarehe 9, zikaenda. Hakuna aliyesomeana na mtu.

Jumatatu Mniko alipita mlangoni akicheka. "Mzee, mimi mnaning'ang'ania wa nini? Barua yangu iko wapi?"

Marehemu alifungua faili. Waliokuwepo wanasema alilifuata jina kwa kidole mara mbili, kisha akaenda kwa meneja.

"Muhuri umeshagongwa," Bwana Mayala alisema. "Mwenye E na M mmoja katoka. Idadi imetimia."

"Idadi imetimia, Mheshimiwa. Mtu ndiye siye."

"Kwa hiyo niandike makao makuu kwamba ofisi yangu haijui watu wake?"

"Andika kwamba Pastory hakusoma."

Meneja hakuandika. Basi Pastory alitoa taipu yake chini ya meza, akaandika mwenyewe kwamba kosa ni lake, akaweka sahihi, akapeleka nakala moja makao makuu. Nyingine alipanda nayo basi la Bunda. Njia nzima aliishika mkononi; mfuko hakuuamini. Alimkuta Magesa akiezua bati za nyumba aliyokuwa ameanza kuijenga, apate za kuuza.

"Mzee, ni wewe uliyeichapa?"

"Ni mimi."

"Tulikuwaga tunasikia sauti zenu mpaka getini, mkisomeana. Hii yangu hamkuisoma?"

"Hatukuisoma, mwanangu."

Magesa aliipokea ile nakala, akaisoma mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Nishikie ngazi," naye akazirudisha bati moja moja.

Magesa alirudishwa kazini Septemba. Marehemu aliondolewa Desemba, baada ya miaka thelathini na mitano, kwa barua yenye mistari minne. Aliisoma mara tatu, akasema haina kosa.

Tangu hapo shinikizo la damu lilimwandama. Alisomeana na Dafroza maandishi ya chupa za dawa asubuhi na jioni. Februari mwaka huu alipata kiharusi, na Jumanne tarehe 17 Machi 1998, saa kumi na moja alfajiri, alifariki hospitalini Musoma. Aliacha agizo moja: wasifu wake usiwe na kifupisho hata kimoja, na usiondoke mezani kabla ya watu wawili kusomeana.

Ameacha mjane, Dafroza, watoto, Marcelina, Shida na Gati, wajukuu saba, na kaka yake, Bernado.

Jana, dukani Mukendo, kijana wa kompyuta alituambia hakuna haja. Tulisomeana hata hivyo. Marcelina alisoma kwa sauti. Aliyefuata kwa kidole, mstari hadi mstari mpaka hapa, ni Enoka Magesa.

Lala sasa, Pastory. Imesomwa. Pumzika kwa amani.