Mgonjwa wa Kwanza wa Binti wa Fundi

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, na liko mbele ya kibanda cha fundi viatu, mtu aliyenishonea soli za safari zangu zote na hakunicheka hata mara moja niliporudi mikono mitupu. Wananiita Pasipoti: nimezunguka nchi nyingi, na kila nchi nimeiachia jino. Asubuhi hiyo, kahawa ikiwa bado inaunguza midomo, Fundi alituwekea barua mbili. Binti yake amekubaliwa na vyuo viwili vya udaktari wa meno. Kimoja ni ghali, mpaka cherehani ya viatu iuzwe. Kingine nafuu. Jibu linatakiwa kabla ya jioni.

— Mpeleke kwenye ghali, alisema Kinyozi, anayejua kila kitu isipokuwa kusawazisha ndevu. Bei ikishuka hivyo, ujue kuna kitu kimepunguzwa. Watamfundisha meno ya juu tu. Ya chini, kalipie tena!

— Wacha uongo! Breki, dereva wa lori mstaafu, aliweka kikombe chini. Hiyo ada kubwa ni ya vioo vya jengo. Wewe jino likikuuma, unaangalia vioo?

— Nje huko, nikadakia, nimeona wanajifunzia kichwa cha plastiki. Kinalia, kinatema mate, kinaomba na ruhusa kazini.

— Na kulipa je? akauliza Breki.

— Kinakopa, kama wewe.

Fundi hakucheka. Alikuwa anapangusa cherehani isiyo na vumbi.

— Nikiiuza hii, mwaka wa pili nitalipa na nini? Nisipoiuza, mwanangu akatoka daktari nusu, nitamtazama vipi?

Tukabishana hadi alasiri. Ndipo binti mwenyewe akatokea, viatu vimejaa vumbi la kutwa nzima.

— Shikamooni.

— Marahaba, daktari!

— Baba, nimefika vyuo vyote viwili, nimeuliza. Walimu ni walewale: asubuhi wako kule, mchana wako huku. Mtihani wa mwisho ni mmoja. Ila kule kwenye ghali, chuo kinakuletea wagonjwa. Huku kwenye nafuu, kila mwanafunzi anajitafutia wake. Huna wagonjwa, humalizi.

Akatugeukia.

— Sasa wazee wangu, nani atakuwa wa kwanza?

Vinywa vitatu vilivyokuwa wazi tangu asubuhi vikafungwa kwa pamoja. Kinyozi akakumbuka mteja asiyekuwepo. Breki akachungulia kikombe kitupu. Mimi nikatazama chini, nikakutana na viatu vyangu, na mishono ya Fundi imevizunguka pande zote.

— Mimi, nikasema.

Akawasha tochi ya simu, akaniambia nipanue, akatazama, akatazama tena.

— Mjomba, hapa kuna kazi ya mwaka mzima.

— Wa pili ni mimi, akasema Breki. Nina mawili yanacheza.

— Na mimi lipo moja la nyuma, Kinyozi akarudi taratibu. Ila usilivute kabla hujanieleza utakavyolivuta.

Fundi akavua miwani, akajifuta macho kwa kitambaa cha kupakia rangi viatu, akawa mweusi mashavu yote mawili. Akaikunja ile barua ya chuo ghali, akapitisha uzi kwenye sindano ya cherehani.

— Jamani, nawashukuru. Kumbe miaka yote hii mlikuwa hampigi mswaki kwa ajili ya mwanangu.